Tiketi za Timu Isiyo na Jina

Jumamosi ya tarehe 4 Juni 2011, saa tano na nusu asubuhi, jirani yangu aligonga mlango wa chumba changu huko Winnipeg, Kanada. Nilikuwa nimelala kwa saa tatu tu tangu nitoke kazini, kwa kuwa siku hizo nilifanya zamu ya usiku katika ghala la vyakula. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, kana kwamba anakwenda kanisani. Aliniomba radhi kwa kunikatizia usingizi, kisha akanikumbusha ahadi niliyompa siku ya Jumatano, kwamba ikifika saa sita kamili ningekuwa naye mbele ya kompyuta, kwa sababu bintiye, aliyekuwa akimfanyia mambo ya namna hiyo, alikuwa zamu hospitalini siku hiyo.

Nilimwita Mzee. Aliponiuliza maana yake nilimweleza kwamba kwetu Mombasa mtu wa umri wake haitwi kwa jina lake hivi hivi, naye akalipenda neno hilo mpaka akawa anajitaja nalo anaponipigia simu. Alikuwa na miaka 74, mjane, aliyestaafu kutoka karakana za reli za Transcona, ambako alitengeneza mabehewa kwa zaidi ya miaka 30. Katika majira yangu ya kwanza ya baridi ni yeye aliyenifundisha kuchomeka waya wa gari kwenye umeme usiku ili injini isigande, na nilikuwa natafuta njia ya kumlipa wema huo. Kwa hiyo nilinawa uso, nikavaa, nikamfuata.

Kilichokuwa kikiuzwa siku hiyo kilikuwa kigumu kukieleza kwa ndugu zangu nyumbani. Siku nne kabla, Jumanne ya tarehe 31 Mei, kampuni ya True North ya Winnipeg ilikuwa imetangaza kwamba imekubaliana kuinunua timu ya hoki ya barafuni ya Atlanta Thrashers ya Marekani na kuihamishia kwetu kwa dola milioni 170, ambazo milioni 60 kati yake zilikuwa ada ya ligi kwa ajili ya uhamisho wenyewe. Lakini wamiliki wa timu nyingine za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, walikuwa hawajapiga kura ya kuidhinisha, na mji uliwekewa shabaha ya kuuza tiketi 13,000 za msimu mzima ili kuonyesha kwamba safari hii timu haitakosa watu wa kuibeba. Mnunuzi alipaswa kujifunga kwa miaka 3 au zaidi, kulingana na daraja la kiti. Waliokuwa na tiketi za Manitoba Moose, timu ya daraja la chini iliyotufariji kwa miaka 15, walipewa nafasi ya kwanza katikati ya wiki. Sisi wengine tulifunguliwa mlango Jumamosi saa sita mchana.

Timu yenyewe haikuwa na jina. Haikuwa na jezi. Mzee alikuwa tayari kuilipia kwa misimu mitatu.

Jikoni kwake kompyuta ilikuwa mezani tayari, kubwa na ya zamani, na karibu nayo palikuwa na kadi yake ya benki, miwani, na karatasi ambayo juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika namba za mabehewa, sehemu za ukumbi alizozitaka kwa mpangilio wa kwanza hadi wa tano. Kando ya karatasi hiyo alikuwa ameweka kopo tupu la bati la biskuti, lenye tundu jembamba lililokatwa kwenye kifuniko. Nilimuuliza ni la nini.

Lilikuwa kibubu cha bintiye. Mwezi Mei 1995, Winnipeg Jets, timu ya NHL ya zamani ya mji wetu, ilipokuwa ikiondoka, mashabiki walikwisha kuiaga uwanjani kwa kikao kilichofanana na matanga, kisha mji ukakataa kuzika. Watu walichanga, maelfu wakakusanyika kwenye bustani ya The Forks, na watoto wakaleta vibubu vyao. Binti yake alikuwa na miaka tisa. Alimwaga sarafu zake zote katika ndoo ya mchango na kurudi nyumbani na kopo tupu, akimwambia baba yake kwamba sasa timu haitakwenda. Timu ilicheza msimu mmoja zaidi. Tarehe 28 Aprili 1996 ilifungwa na Detroit 4-1 katika mchezo wake wa mwisho, ikahamia Phoenix, jangwani huko Marekani. Mzee alisema kwamba katika maisha yake alikuwa amewahi kumdanganya mtoto yule mara moja tu, alipomwambia kuwa fedha zake zimesaidia.

Nilikuwa nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba Winnipeg ilipoteza timu kwa sababu ni mji mdogo. Mzee hakulikubali neno hilo, na kadiri nilivyoelewa mambo baadaye nimeona kwamba alikuwa na haki. Timu ilikusanya mapato yake kwa dola ya Kanada, ambayo wakati ule ilikuwa na thamani ya senti 73 hivi za Marekani, na ililipa wachezaji kwa dola ya Marekani, katika ligi isiyokuwa na kikomo cha mishahara, huku ikichezea ukumbi uliofunguliwa mwaka 1955. Quebec, mji mwingine wa ukubwa kama huo, ulipoteza timu yake kwa sababu za namna hiyohiyo mwaka 1995. Kufikia 2011 dola mbili hizo zilikuwa zimelingana, kikomo cha mishahara kilikuwa kimewekwa tangu 2005, na katikati ya mji, mahali palipokuwa na duka la Eaton's, palikuwa na ukumbi mpya wa viti 15,004. Ulikuwa ukumbi mdogo kuliko kumbi zote za NHL, na ulitosha.

“Watu ni walewale,” alisema Mzee, “na baridi ni ileile. Kilichobadilika ni hesabu.”

Saa sita kamili nilibonyeza. Ukurasa ukafunguka nusu, ukasimama. Intaneti ya nyumba ile ilikuwa ya kujikongoja, na bila shaka nusu ya mji ilikuwa ikibisha hodi mlango huohuo kwa wakati mmoja. Mzee alisimama nyuma yangu na mkono wake ukiwa juu ya egemeo la kiti changu. Nilisikia pumzi yake. Sikupakia upya ukurasa, kwa kuhofia kwamba tungerudishwa mwisho wa foleni, na dakika ya nne, ya tano na ya sita zikapita tukitazama duara dogo likizunguka kwenye skrini. Mimi nilikulia nikitazama kandanda katika Uwanja wa Manispaa wa Mombasa, na nilizoea kuona timu ikishuka daraja au ikifa kwa ukata. Kwamba timu inaweza kung'olewa mzimamzima na kupandwa kwingine, watu wakabaki na ukumbi mtupu, ni jambo nililolijua kwa mara ya kwanza kutoka kwa mzee yule, na sasa kidole changu kilikuwa kimebeba upande wa pili wa jambo hilo.

Dakika ya tisa ukurasa ulifunguka. Sehemu nne za kwanza kwenye karatasi yake zilikuwa zimekwisha. Ya tano ilikuwa na viti viwili vilivyopakana, juu kabisa, nyuma ya goli. Nilivishika, nikaandika namba za kadi alizonisomea moja moja, na tulipofika kwenye kisanduku cha kukubali miaka mitatu nilisita, nikamgeukia. Alijua nilichokuwa nikikifikiria.

“Nitakuwa na miaka 77,” alisema. “Kama sitakuwepo, yeye atakuwepo. Andika jina lake.”

Nikaandika jina la bintiye, nikabonyeza, na baada ya muda ambao siwezi kuukadiria ujumbe wa shukrani ukatokea. Jioni redio ilitangaza kwamba tiketi za siku hiyo zilikwisha kwa dakika 17. Wakati ule jikoni hatukujua. Mzee alivua miwani, akaenda kusimama dirishani, nami nikapika chai, kwa kuwa sikuona la kusema.

Tulipokuwa tukinywa chai nilimwambia jambo nililolisoma katika orodha ya wachezaji wa Atlanta: kwamba mlinzi mmoja, Johnny Oduya, ni Mswidi ambaye baba yake ni Mkenya. Alinitazama kwa furaha ya kweli. “Basi nawe una mtu wako,” akasema. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nilidhani huko Atlanta kuna mtoto wa miaka tisa. Nilimjibu kwamba bila shaka yupo. Mji ule ulikuwa tayari umepoteza timu moja, Flames, iliyohamia Calgary mwaka 1980, na sasa ulikuwa ukipoteza ya pili, nayo ikija Kanada vilevile. Nilifurahi kwamba timu inakuja kwetu, na bado nafurahi. Sijaona mahali pengine inakostahili zaidi. Lakini swali lile la Mzee sijaweza kuliweka kando, wala yeye hakuliweka kando, kwani alikaa nalo mpaka chai yake ikapoa.

Simu iliita saa saba na nusu. Alikuwa bintiye, kwenye mapumziko ya chakula cha mchana. Mzee alimweleza habari za viti, sehemu, safu na namba, akisoma kutoka kwenye karatasi niliyomnakilia, na alipomaliza kukawa kimya kirefu upande wa pili. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia sauti ya msichana ikiuliza timu itaitwaje.

“Bado hawajasema,” Mzee akajibu. Alikuwa amelivuta kopo karibu naye na anazungusha kifuniko chake polepole kwa kidole gumba. “Wewe unataka iitweje?”

Akamwambia.