Askari wa obiti haanguki, anafunga breki

Mlango wa chombo unafunguka, askari anaruka, anashuka kama jiwe kisimani. Ndivyo hadithi nyingi za kubuni za vita vya angani zinavyosema, na ndipo zinapokosea. Kilomita 400 juu ya Dunia, chombo kilicho kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka sayari, kinakwenda karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, na aliyeruka anakwenda mwendo uleule. Ataelea pembeni ya mlango mpaka oksijeni imwishie.

Kinachomshusha ni roketi ya breki, na si lazima iwe kubwa. Soyuz, chombo cha Urusi cha kubeba wanaanga, ikirudi nyumbani hupunguza takriban mita 128 tu kwa sekunde, roketi ikiwaka chini kidogo ya dakika 5. Angahewa inamalizia kazi. Tangu breki iwashwe hadi kugusa ardhi zinapita kama dakika 50, karibu nusu mzunguko wa sayari. Kamanda wa hadithi yako akisema "tuko chini baada ya dakika tatu", mfute.

Hesabu inayowaponza wengi ni hii. Chukua askari 30, kila mmoja na kapsuli yake (chombo kidogo cha kushukia), wakiwasha breki kwa kupishana sekunde moja moja. Kila sekunde ni kilomita 7 za ardhi. Wa kwanza na wa mwisho watatua wakiwa wameachana kilomita 200! Dawa yake ni kuzitoa kapsuli mapema, ziachane mita mia kadhaa, kisha zote ziwashe breki kwa mpigo. Zikibanana mno, ya nyuma itaingia kwenye hewa iliyovurugwa na ya mbele, iyumbe.

Halafu uzito. Aprili 2008, sehemu ya Soyuz iliyopaswa kujitenga ilichelewa, kapsuli ikashuka bila kujiongoza. Waliokuwemo walibanwa kwa zaidi ya mara 8 ya uzito wao na kutua zaidi ya kilomita 400 kabla ya shabaha. Nao walikuwa wamelala chali kwenye viti vilivyofinyangwa kwa maumbo yao. Askari aliyesimama ndani ya deraya, damu yote itakimbilia miguuni na atazimia. Mlaze.

Kushuka kwa siri nako kusahau. Kila kilo inayotoka obiti ina nishati ya megajuli 30 hivi, kama mara saba ya baruti ya TNT ya uzito huohuo, na karibu yote inageuka joto. Kapsuli inawaka kama kimondo, plazima, yaani hewa iliyopata joto hadi kubeba umeme, inakata redio kwa dakika kadhaa, na amri ya kughairi haimfikii mtu. Changanya kapsuli tupu humo, adui ahangaike kuchagua.

Mwavuli wa Soyuz hufunguka kilomita 10 juu na kuning'inia robo saa, muda wa kutosha kulengwa shabaha. Ukichelewesha hadi kilomita 2, kapsuli inashuka zaidi ya mita 100 kwa sekunde: mwavuli ukigoma, zimebaki sekunde zisizofika 20, na ule wa akiba nao unahitaji muda wa kujaa hewa.