Nakuona, ila sura yako siipati: uzoefu wangu na ugonjwa wa Stargardt

Macho yangu yanaona karibu kila kitu isipokuwa kile ninachokitazama. Nikikutazama usoni, mabega yako nayaona, mkoba wako nauona, hata kuku anayepita nyuma yako namwona. Sura ndiyo siipati. Pale katikati pana ukungu wa kijivu, na nikihamisha macho nao unahama. Ugonjwa huu unaitwa Stargardt, kwa jina la Karl Stargardt, daktari wa macho Mjerumani aliyeueleza mwaka 1909. Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, upande wa Majengo, na ulinianza nikiwa binti wa miaka ishirini na kitu.

Naandika kwa sababu daktari alinieleza ugonjwa vizuri, lakini jinsi ya kuishi nao sikupata wa kunieleza.

Kuujua kwenyewe kulichukua muda. Mkoa wetu umeteswa na trakoma miaka mingi, hasa vijijini kama kule Kongwa, kwa hiyo ukisema macho yanakusumbua watu wanawaza trakoma. Ukiwa mtu mzima sana, mtoto wa jicho. Mimi kope zilikuwa safi, macho hayana wekundu wala machozi. Nilipewa miwani, ikabadilishwa, ikabadilishwa tena, na bado herufi nikizitazama zinakatika katikati. Sehemu moja waliniambia nimechoka tu, nipumzike. Mwishowe nilipelekwa Dar es Salaam, wakanitia matone ya kupanua mboni, wakapiga picha ya retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na daktari akaona madoadoa ya njano yaliyotapakaa nyuma ya jicho. Miwani isingesaidia. Kilichokuwa kinaharibika ni makula, sehemu ndogo ya katikati ya retina tunayoitumia kusoma na kutambua sura. Uoni wa pembeni kwa kawaida unabaki, na wengi wenye ugonjwa huu hawafikii giza kamili. Dawa ya kuuponya hakuna bado. Nilirudi nyumbani nimelishika lile la pembeni.

Kwa mama yangu zito lilikuwa jingine. Majirani walishaanza kuuliza kwenye ukoo wetu nani alikuwa kipofu, na wengine wakasema ni mkono wa mtu. Yeye mwenyewe alikuwa anajilaumu kwa moshi wa jikoni, maana alikuwa akipika huku amenibeba mgongoni. Daktari alimketisha akamweleza taratibu. Kuna jeni, yaani chembe ya urithi, inaitwa ABCA4, inayosaidia jicho kuondoa mabaki ya vitamini A baada ya kutumika. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo. Baba ana moja mbovu na mama ana moja mbovu, na wote wawili wanaona kwa sababu ile nzima inatosha. Mimi nilirithi mbovu zote mbili. Kwa kila mtoto wao nafasi ya kupata hivyo ni 1 kati ya 4. Mama alinyamaza kidogo, halafu akauliza wadogo zangu wapimwe lini. Moshi hajautaja tena tangu siku ile.

Hapo hapo nilijifunza jambo ambalo namsisitizia kila mwenye Stargardt: usinywe vidonge vya vitamini A wala mafuta ya ini la samaki bila kumuuliza daktari wako. Wanaokupenda watakuletea. Shangazi yangu aliniletea chupa nzima, kwa moyo safi kabisa, kwa kuwa sote tumefundishwa kwamba vitamini A ni ya macho. Kwetu sisi ikizidi inaongeza yale mabaki. Chakula cha kawaida hakina neno. Mlenda, mchicha na papai naendelea kula. Na jua letu la Dodoma mnalijua: sitoki bila kofia ya ukingo mpana na miwani ya jua. Nikiingia dukani kutoka nje nasimama kwanza mlangoni, maana macho yangu yanachelewa kuzoea kivuli.

Sasa hili la pembeni. Mtaalamu wa macho alinifundisha kuufikiria uso wa mtu kama saa ya ukutani. Nitazame saa sita, nione kama sura inatokea. Nitazame saa saba, saa nane, nizunguke hivyo mpaka nipate mahali ambapo ukungu unapisha. Kwangu ni juu kidogo kulia. Nikitazama juu ya paji la uso wako, karibu na sikio, mdomo na pua vinajitokeza, hafifu lakini vipo. Mwanzoni kichwa kiliniuma kwa mazoezi hayo, kwa sababu macho yanataka kurudi katikati yenyewe. Siku hizi yanakwenda bila kuyaambia.

Kilichoniumiza kuliko kusoma ni salamu. Hapa kwetu kumpita mtu mzima bila shikamoo ni jambo linalofika nyumbani kabla yako. Mama mmoja wa mtaani, rafiki wa mama yangu, nilimpita sokoni mara kadhaa. Akaenda kumwambia mama kwamba binti yako siku hizi anaringa. Na hakuamini nilipomweleza, kwa sababu alishaniona nikiruka mtaro na kukwepa bodaboda. Ndiyo, mtaro uko chini, bodaboda inatokea ubavuni, huko kote naona! Ugonjwa huu mtu akikutazama kwa nje hauoni.

Nikaamua kusema kabla ya kulaumiwa. Nilianza kanisani, kwenye jumuiya, nikasimama baada ya sala: "Wazazi wangu, shikamooni. Macho yangu hayatambui sura. Mkiniona, naomba mnisemeshe mkitaja jina, nami nitawaamkia." Nikawaambia pia nikionekana natazama juu ya kichwa chako, ndiyo nakutazama wewe. Baada ya hapo mambo yalibadilika sana. Yule mama sasa ananiita toka mbali, "Mama fulani hapa!" Wateja wazee kutoka Bahi na Chamwino wakisema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mlangoni, wengi nawajua kwa sauti. Na mimi nisipokuwa na uhakika namwamkia kila mtu shikamoo. Akiwa mdogo wangu tutarekebishana.

Pesa hazinipi shida sana. Noti zetu zinazidiana urefu kadiri thamani inavyopanda, elfu kumi ndiyo ndefu kuliko zote, kwa hiyo nazipima kidoleni na kila aina ina mfuko wake kwenye pochi. Ujumbe wa pesa za simu nasomewa na TalkBack, programu ya simu inayosoma maandishi kwa sauti, na simsikilizi mteja anayeniambia "nimeshatuma" mpaka simu iseme.

Kazini nimebadilisha vitu vingi vidogo. Taa yenye shingo ya kukunja iko karibu kabisa na sindano. Uzi mweusi nautunga nikiweka karatasi nyeupe nyuma ya tundu, mweupe naweka kitambaa cheusi, na kile kiwaya cha kutungia uzi hakitoki shingoni mwangu. Futi yangu nimeitia mafundo ya uzi: moja kila inchi tano, mawili kwenye kila kumi, nikipitisha kidole gumba najua niko wapi. Vipimo siandiki. Narekodi kwa sauti kwenye simu, jina la mteja kwanza, halafu kifua, kiuno, nyonga, urefu, na wakati wa kukata nasikiliza huku mikono iko kwenye mkasi. Nguo nyeusi ya kushonwa kwa uzi mweusi napokea, ila naishona asubuhi tu, mlango ukiwa wazi. Kulinganisha maua ya kitenge yakutane sawasawa kwenye mshono wa mgongo ndiko kumenishinda. Hiyo namwachia binti ninayemfundisha kazi, na hela ya kila nguo ya namna hiyo tunagawana.