Gesi kwa kilo, sio lita

Madereva wa bajaji za gesi hapa Dar wanauliza sana hili swali, mbona petroli tunauziwa kwa lita halafu gesi kwa kilo, na wapo wanaoamini kabisa ni mbinu ya kuwapiga. Hapana bwana, kilo ndo inamlinda mteja. Lita ya gesi haina maana yoyote mpaka uniambie presha ngapi na joto ngapi. Gesi unaishindilia kwenye mtungi hadi bar 200, na ukiipasha kutoka nyuzi 15 hadi 35 bila kubadili presha inatanuka asilimia 7 au zaidi, yaani mita inayohesabu ujazo peke yake itakuhesabia zaidi wakati kitu cha kuchoma ni kile kile.

Ndani ya pampu nyingi za CNG, yaani hiyo gesi ya kushindilia, kuna mita ya koriolisi, vibomba viwili vinatetemeshwa, gesi ikipita inavisokota kidogo mno, na huo msokoto ndo unasoma uzito moja kwa moja. Mi naikubali sana hii, ila bei yake we acha tu, na kwa bomba la inchi 36 kama lile la Mtwara kuja Dar ingekuwa dude la kutisha.

Kwenye mabomba makubwa utakuta mita ya altrasoniki, inayopima kwa mawimbi ya sauti, au ile ya wazee, orifisi, sahani ya chuma yenye tundu katikati, unapima presha mbele ya tundu na nyuma yake, tofauti ndo inakupa mtiririko. Shida ni hesabu yake, inaenda kwa kipeo cha pili! Mtiririko ukishuka hadi sehemu moja ya kumi, ile tofauti ya presha inashuka hadi moja ya mia, kwa hiyo kama mchana ulikuwa na milibar 250, usiku viwanda vikizima unabaki na 2.5, na hapo transmita yako, yaani kifaa cha kusoma hiyo tofauti, iliyopangwa kusoma hadi 250, inabahatisha tu. Ndo maana wengine wanaweka transmita mbili, moja ya tofauti kubwa na moja ya tofauti ndogo.

Halafu ukingo wa lile tundu lazima uwe mkali, ukilika kidogo mita inasoma pungufu. Sahani ikifungwa kinyume pia inasoma pungufu, muuzaji analiwa kimya kimya na hamna alamu itakayolia maana namba zinaonekana poa tu, angalieni maandishi kwenye mkono wa sahani, kile kipande kinachochomoza nje, kabla hamjakaza bolti jamani.