Kabla hujaagiza kipuri Kariakoo, fungua laptopu yako kwanza

Kutoka Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000, na kipuri kisichoingia kwenye mashine kitarudi kwa njia ileile kilichojia. Hesabu hiyo haimo kwenye video za kufufua laptopu za zamani. Anayerekodi video duka liko mtaa wa pili. Akikosea RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) anabadilishiwa kabla ya chakula cha mchana. Ukikosea ukiwa Mwanga au Ujiji, unampigia muuzaji, unabembeleza, unalipia basi mara ya pili, na wiki imekatika huku laptopu iko wazi mezani na skrubu zake ziko kwenye kisosi.

Kwa hiyo anza na mashine yenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, halafu tazama safu ya Disk wakati mashine imeganda. Ikiwa inasoma 100% na CPU iko 10 au 15, mwache prosesa, na waache virusi wanaosingiziwa kila kitu. Mara nyingi mwenye kosa ni diski ya kuzunguka. Nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake lazima kisogee huku na huko kuokota kila kipande cha faili. Vipande vidogo vilivyotawanyika huvisoma mia moja hivi kwa sekunde. SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, hata ile ya bei ya chini inayotumia SATA (njia ya kawaida ya kuunganisha diski), inasoma makumi ya maelfu. Kupiga Windows upya hakubadilishi hilo. Kunakupa wiki moja ya unafuu, kisha mashine inarudi palepale, na fundi anakuambia uongeze RAM.

Kabla ya kung'oa chochote, pima afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Mistari miwili inatosha: Reallocated Sectors Count (sehemu zilizoharibika zikabadilishwa) na Current Pending Sector (zinazoshukiwa). Namba zake ghafi zikiwa zaidi ya sifuri, hamisha mafaili leo, usingoje kipuri kifike.

Sasa umbo la SSD, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Laptopu yenye diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 itapokea SSD ya SATA ya inchi 2.5. Unene wa kawaida wa SSD ni milimita 7. Diski nyingi za zamani ni 9.5, kwa hiyo mpya itacheza kidogo kwenye kitako chake. Kipande cha boksi gumu kilichokunjwa kinaziba pengo hilo, usiagize kitu. Mashine mpya kidogo huwa na tundu la M.2, la SSD zenye umbo la kadi nyembamba, na tundu hilo ni mtego. Kwa macho M.2 ya SATA na ya NVMe (njia mpya na ya kasi zaidi) karibu hazitofautiani, lakini tundu linalozungumza SATA tu halitaiona NVMe hata ukiisukuma vipi. Kwa kawaida ya SATA ina mikato miwili kwenye meno yake na NVMe ina mmoja, ila zipo NVMe chache zenye miwili, kwa hiyo soma maandishi ya lebo na pia karatasi ya modeli ya laptopu. Pima urefu pia: 2280 maana yake upana milimita 22, urefu milimita 80. Mahali pa 2242 haiingii.

RAM ina mtego wake. Task Manager, sehemu ya Memory, inakuonyesha ni nafasi ngapi zimetumika, lakini kwenye laptopu nyembamba RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu) nayo inaweza kuhesabiwa kama nafasi. Fungua kava ujionee. Kisha soma lebo ya kipande kilichomo. PC3 ni DDR3 ya volti 1.5, PC3L ni DDR3L ya volti 1.35. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha nne zinataka ile ya L na zitakataa nyingine: unawasha, kioo kinabaki cheusi, unadhani umeiua. DDR3L yenyewe inafanya kazi kwenye volti zote mbili. Kwa hiyo ukiwa na shaka kati ya hizo mbili, agiza yenye L. DDR4 ni jamii nyingine kabisa, hata mkato wake uko mahali pengine.

Kipuri kikifika, kijaribu kabla hujamshukuru muuzaji. SSD ya GB 256 itaonekana kwenye Windows kama 238, na ya 240 itasoma 223. Hujaibiwa, ni Windows inahesabu kwa 1,024 wakati kiwanda kinahesabu kwa 1,000. Wizi wenyewe uko kwenye flashi za "TB 2" zinazouzwa kwa bei ya soda chache. Ndani yake kuna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa. Utanakili, jina la faili litaonekana, ukubwa utasomeka sawasawa, ila data inayopita uwezo halisi wa chipu inaandikwa juu ya ile ya mwanzo au inatupwa. Video ya harusi inagundulika siku ya kuifungua. Dawa ni programu ya H2testw kwenye Windows, au f3write ikifuatiwa na f3read kwenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows: zinajaza flashi yote kisha zinasoma tena kila kitu. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa moja na dakika hamsini kwa kuandika peke yake. Chaji betri ijae kwanza. Umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Kuhusu mfumo endeshi, kelele ni nyingi kuliko kazi. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haitaki karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Linux Mint, toleo lake jepesi la Xfce, inakaa vizuri kwenye RAM ya GB 4, na toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029. Wenye dini ya Linux watakuambia hata hiyo ni ya watoto, uweke Arch, Linux ya wajuzi. Wapuuze. Na mtu ambaye programu yake ya mahesabu inaishi kwenye Windows pekee usimguse kabisa, mwachie Windows yake.

Mwanafunzi anayehofia ripoti yake kuvurugika kwenye LibreOffice, inayoshika nafasi ya Word kwenye Linux, ana haki ya kuhofia. Calibri na Cambria, fonti za Word, hazimo kwenye Linux, na herufi zikibadilishwa upana, kurasa zinahama. Carlito na Caladea zimetengenezwa kwa upana uleule. Zikiwemo, mistari hukatika palepale:

sudo apt-get install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Bando ndilo linaloumiza. Faili la Mint linakaribia GB 3, kwa hiyo lipakue mara moja, lihakiki kwa sha256sum (amri inayotoa namba ya kulinganisha na ile ya tovuti ya Mint), kisha flashi izunguke kwa wenzako. Usiruke uhakiki: upakuaji uliokatika-katika huzaa faili bovu linaloanza vizuri na kufa katikati ya usakinishaji. Masasisho nayo yashirikisheni. Apt-get, amri ya kusakinisha programu, huhifadhi vifurushi ilivyopakua kwenye /var/cache/apt/archives. Vinakili, vipeleke kwenye mashine ya pili yenye toleo lilelile, na sudo dpkg -i *.deb itavisakinisha bila hata MB moja ya intaneti. Wi-Fi isipoonekana, hasa kwa kadi za Broadcom, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux huitambua simu papo hapo kama waya wa mtandao, na draiva unaipakua kwa njia hiyo.

Limebaki tatizo dogo linalowafanya watu walaumu Linux bure. Mashine imewekwa upya, intaneti ipo, lakini kila tovuti inasema muunganisho si salama. Tazama saa pembeni. Ikisoma mwaka uliokwishapita, kivinjari kinaona vyeti vya tovuti havijaanza kutumika. Betri ya mazabodi imekwisha, na kila chaji ikiisha kabisa tarehe inarudi nyuma. Kwenye laptopu nyingi ni CR2032 ya volti 3, ileile ya mizani ndogo. Ila mara nyingi imevikwa plastiki na kuchomelewa waya mbili, nyekundu ikiwa chanya. Piga picha kabla hujaichomoa, na hamishia kwenye betri mpya ile plagi ndogo pamoja na waya wake.