Kambi Isiyo na Mgeni Rasmi

Lushoto, Jumamosi usiku

Tangu watu waanze kushuka kwenye Costa jana, swali la kwanza lilikuwa "Ratiba iko wapi?" La pili, kwa sauti ya chini kidogo, lilikuwa "Na posho je?"

La posho lilikuwa jepesi. Posho hakuna. Nauli ya kurudi ipo, chakula kipo, godoro lipo, na blanketi la pili lipo kwa sababu Julai ya huku juu si ya mchezo. La ratiba ndilo lililonisimamisha mlangoni mwa bwalo hadi usiku mkubwa. Nilikuwa nawaonyesha ubao: saa zimeandikwa kushoto, sehemu zimeandikwa juu (bwalo, mkaratusi, turubai, jikoni), na katikati visanduku vitupu. "Kumbe bado mnaiandaa," akasema kaka mmoja kutoka Korogwe, kwa upole wa mtu anayemsitiri mwenyeji wake.

Hatukuwa tunaiandaa. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Hii ni kambi ya watu wanaoendesha maktaba ndogo za jamii na vikundi vya kusoma: wengine wana chumba na rafu, wengine wana sanduku la bati na mwembe. Wengi ni wa mkoa wa Tanga, kuna wa Same na Moshi, na wachache wamevuka mpaka wa Horohoro kutoka Kwale, Kenya. Kambi iliyopita tuliifanya kama zinavyofanywa zote. Mgeni rasmi akachelewa, itifaki ikazingatiwa, risala ikasomwa, mwezeshaji akawasha projekta, watu wakasinzia kwa heshima. Mazungumzo yenyewe yalifanyika kwenye foleni ya chai. Pale ndipo mtu alipomwambia mwenzake jinsi anavyowadai watoto vitabu bila kuwatisha, na mwingine akaeleza alivyompata mwenyekiti wa kijiji akampa chumba.

Mmarekani mmoja, Harrison Owen, yalimkuta hayo hayo. Alihangaika mwaka mzima kuandaa mkutano mkubwa, na ulipoisha watu wakamwambia sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa mapumziko ya kahawa. Basi mwaka 1985, kule Monterey, California, akaitisha mkutano usio na ratiba: watu wakakaa duara, kila mwenye jambo akaliandika, akalibandika ukutani, akaliendesha mwenyewe. Na wazo hilo hakulitoa mbali sana nasi. Miaka ya sitini aliwahi kwenda Liberia kupiga picha katika kijiji kiitwacho Balamah, akakuta wavulana wanatolewa jandoni. Sherehe siku nne, kijiji kizima kinajua la kufanya, na hakuona kamati ya maandalizi hata moja. Kwa hiyo wanaoniambia kwamba mtindo huu ni wa kizungu, nawarudisha Liberia.

Owen aliacha kanuni chache. Moja husema kwamba wakati wowote shughuli itakapoanza ndio wakati wake. Hiyo sikuhitaji kuifundisha, watu wetu walizaliwa nayo. Iliyonipa kazi ni ile aliyoiita sheria ya miguu miwili: ukiona hapo ulipo hujifunzi wala huchangii, nyanyuka uende pengine. Mweleze hivyo kijana wa Kisambaa ambaye mbele yake ameketi mzee wa umri wa babu yake. Atakaa hapo hapo mpaka jua lizame, macho wazi, akili iko Tanga mjini. Nililiwaza sana jambo hilo kabla ya kambi na sikulipatia jawabu. Lilipatikana lenyewe, nitalifikia.

Asubuhi baada ya uji tulikaa duara. Nikasema yale machache: andika jambo lako kwenye kadi kwa makapeni, andika jina, chagua saa na mahali. Si lazima uwe mtaalamu, unaweza kuja na swali tu na wenzako wakakusaidia kulibeba. Nikaziweka kadi katikati, nikakaa.

Kimya.

Waandaaji wengi hukiogopa kimya hicho, kwa hiyo hupanga na marafiki zao wawili watatu wanyanyuke kwanza. Mimi sipendi. Kadi za mwanzo zikiwa za watu wa mjini wenye kompyuta mpakato, na za mwisho zitakuwa hivyo hivyo, maana wengine watakuwa wameshaambiwa bila kuambiwa ni mambo gani yanayofaa kuandikwa. Ninachofanya hukifanya usiku wa kuamkia siku hiyo. Natembea na sahani yangu, nakaa karibu na mtu nisiyemjua, namuuliza: "Nyumbani kwenu, watu wakija kukugongea mlango huwa wanataka nini?" Ukimuuliza mtu anajua nini, atakwambia hajui kitu. Ukimuuliza anagongewa kwa nini, anacheka kidogo kisha anakwambia. Dada wa Same anagongewa na watu wenye barua za benki wasizozielewa. Kijana wa Kwale anagongewa na wenye simu zilizojaa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinijibu huku akichambua samaki wake: "Vitabu vilivyochanika, mwanangu. Vingine navipenda, vingine nashona tu kwa sababu vimeletwa."

Kimya kile kilivunjwa na binti wa kidato cha tatu, ambaye hata sikuwa nimemfikia usiku. Alichukua kadi, akageuka ukutani kuandika ili asionwe, akaibandika saa nne, chini ya mkaratusi: KWA NINI WAVULANA HAWAJI MAKTABA. Watu wakacheka, na baada ya kicheko hicho kadi zikawa zinagombewa. Barua za benki zikapata turubai. Kaka wa Korogwe, yule yule, akaweka kuhifadhi hadithi za wazee kwa simu. Mtu akaweka kubebesha miche ya parachichi, na nilipomtazama akasema ndiyo, maktaba yake inalipa kodi ya chumba kwa miche. Sawa.

Mzee hakunyanyuka. Nilimfuata nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, kadi yako niiandike?" Akasema marahaba, iandike, lakini usiweke "warsha", andika kushona.

Nimekaa kwenye duara lake karibu saa nzima, jambo ambalo mwenyeji hapaswi kulifanya, maana kazi yake ni kuzunguka. Alikuja na mfuko wa rambo. Ndani yake mlikuwa na sindano nene ya fundi viatu, uzi, kipande cha mshumaa, kisu cha siagi, unga wa ngano kwenye kopo la Blue Band, na ukanda wa khanga iliyochakaa. Kitabu kilikuwa cha darasa la sita, kimepoteza mgongo, kurasa zimesimama kila moja na lake. Kwanza alikwangua gundi kuukuu kwa kisu, polepole, mabaki yake yakianguka kwenye gazeti. Kisha akazirudisha kurasa kwenye mikunjo yake. Zilizotengana kabisa alizibandika mbili mbili kwa ukanda mwembamba wa karatasi, zikawa mkunjo tena. Akatoboa kila mkunjo kwenye mstari wa katikati, matundu yakilingana. Uzi aliupitisha juu ya mshumaa mara kadhaa, akautekenya kwa kidole, akaridhika. "Uzi mkavu unakata karatasi," alisema. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema kwa dakika kumi.

Gundi aliipika jikoni, na sisi tukamfuata. Unga kwanza unakorogwa na maji baridi mpaka madonge yaishe, ndipo unapelekwa motoni. Ukiwahi moto umepika uji wa mabuje. Aliinua mwiko akaonyesha inavyopaswa kuteremka. Akapaka mgongo wa kitabu, akalaza khanga, akakandamiza kwa mgongo wa kijiko, akaweka matofali mawili juu. Kitabu cha pili hakukigusa. Alimpa binti wa kidato cha tatu na kijana wa Kwale, yeye akaegemea nguzo. Walipokosea tundu alitazama pembeni. Walipokosea la pili, wakajitambua wenyewe, wakafumua.

Na kabla ya kuanza yote hayo alikuwa ametamka hivi: "Anayetaka kwenda kwa wale wa simu aende tu. Asiniage, atanikatisha uzi." Basi. Watu wakaja, wakaenda, wakarudi na vikombe vya chai, na hakuna aliyeona amekosa adabu. Mimi ningetangaza kanuni hiyo kwa kipaza sauti na isingemnyanyua mtu. Ruhusa ikitoka kwa mkubwa ni kitu kingine.

Nilimuuliza baadaye ujuzi wa kunyamaza hivyo aliupata wapi, maana walimu wengi ninaowajua hawawezi. Akanitajia mwaka 1973. Wakati huo alikuwa mwalimu kijana, na ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza kipindi kila wiki, kwa wiki 12, na nchi nzima watu wakakaa katika vikundi kusikiliza. Karibu watu milioni 2 walishiriki. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, naye akawa mmoja wao. Kipindi kikiisha walisoma kijitabu, wakajadili, wakaamua watafanya nini pale kwao: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi. "Tulielekezwa kwamba redio ikinyamaza, na wewe usianze kuwa redio," akasema.

Nimeyaandika maneno hayo nyuma ya daftari. Mwezeshaji wetu wa kambi iliyopita angeyapata mapema, tungelala kidogo.

Si kila kitu kimekwenda vizuri leo. Kikao cha hadithi za wazee kilimezwa na mtu mmoja aliyetaka kueleza asili ya ukoo wake wote, na kaka wa Korogwe hakuwa na ubavu wa kumkatisha. Kwa wavulana na maktaba, wavulana waliokuja ni watatu, wote wa maktaba. Binti hakukata tamaa. Aliwauliza wale watatu kwa nini wao huja, na jibu lilikuwa mchezo wa bao la kete nyuma ya jengo, siyo vitabu. Ameliandika. Ananunua kete.

Umeme umekatika tangu saa mbili. Vijana wamewasha moto chini ya mkaratusi, wanaimba, na ukungu umeshuka kutoka Magamba hadi kwenye mahema.

Jumapili, kwenye basi kuelekea Mombo

Naandika kwa shida, hizi kona za kuteremka Soni hazina huruma na kalamu.

Leo asubuhi nilikuta kadi mpya ubaoni, kwa mwandiko wa mkaa: TUNAPIKAJE KWA WATU WENGI. Imewekwa saa tano, jikoni. Ni akina mama wa jikoni, ambao sisi tuliwahesabu kama huduma na siyo washiriki. Saa tano ndiyo saa yao mbaya kuliko zote, viazi havijamenywa, kuni mbichi. Nilipowafuata kuwashauri waisogeze mbele, mama mkubwa wa pale alinikazia macho. "Mwanangu, tukisogeza mtakuja kukaa. Saa tano mtakuja kumenya."

Tukaenda kumenya. Walikaa na visu watu waliokuwa hawajazungumza na mtu tangu Ijumaa. Mama alieleza jinsi ya kukadiria mchele kwa kikombe cha bati, jinsi ya kutenga sahani za wanaochelewa, na kwa nini kambi yetu inapoteza pesa: tunanunua kuni kwa mzigo badala ya gari, tunaleta nyama siku ambayo hakuna wa kuikata. Mweka hazina wetu alikuwepo, anamenya kiazi kimoja kwa muda mrefu sana. Halafu akaomba kalamu.

Mwishoni tulizunguka duara kila mtu akitaja jambo moja atakaloendesha kwao. Dada wa Same atafungua meza ya barua siku za gulio. Mzee alisema hana jipya, ataendelea kushona, ila wale wawili wamchukulie sindano kubwa Tanga, hapa hazipatikani. Akina mama walipofikiwa walisema mwakani wataendesha tena, lakini kwa sharti, na sharti hilo limeshaingia kwenye muhtasari: masufuria mawili makubwa yanunuliwe kabla ya ubao, na yawe na mifuniko.