Mtungi wa gesi unakaa wapi?

Leo nimerudisha ufunguo wa ofisi niliyofanyia kazi mwaka mzima, pamoja na tepu ya kupimia. Ufunguo wameuchukua, tepu bosi akanirudishia, akasema hiyo imeshakuwa yako, nani mwingine ataweza kuisoma. Kweli bwana, kuanzia sentimita 1 mpaka 40 hivi namba zimefutika zote, nasoma kwa mazoea tu kama mtu anayepanda ngazi za kwao gizani. Jumatatu narudi darasani, mwaka wa tatu. Hapa Kimara umeme umekatika tangu saa mbili, simu ina asilimia 31, nikasema ngoja niandike kabla sijasahau, maana nilijiahidi kuandika kila wiki na mwaka mzima nimeandika mara mbili, na zote nilikuwa nalalamika.

Kwa mgeni anayesoma hapa mara ya kwanza, nasomea usanifu wa ndani, au interia kama tunavyoita wenyewe. Na hapana, sipambi kumbi za harusi. Mama yangu mwenyewe ilimchukua miaka miwili kuacha kuwaambia watu kanisani kwamba binti yake anasomea mapazia. Mapazia yamo, sikatai, ila kazi yenyewe ni mwanga uingie wapi, soketi ikae urefu gani, mlango wa choo ukifunguka unagonga nini, dari ishuke kiasi gani ili feni isimkate mtu kichwa. Msanifu majengo anakuachia boksi, wewe unahangaika na binadamu watakaoishi mle ndani.

Sasa kilichotokea ni hivi. Kwetu field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ni wiki nane. Unaenda na logbuku yako, wiki ya kwanza unazoea watu, ya pili unatumwa chai na vitumbua, ukianza kushika kazi ndio unatakiwa uandike ripoti uondoke. Wiki ya saba bosi wangu (dada mmoja mkali hivi, ofisi ina watu watano tu) akaniambia unachora vizuri sana ila hujui kitu, ukitaka kujua kaa mwaka. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda chuo kuchukua fomu ya kuahirisha masomo mwaka mmoja.

Nyumbani ilikuwa kesi. Baba mdogo alipanda basi kutoka Morogoro kuja kwenye kikao, akasikiliza maelezo yangu yote mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, "Una mimba?" Mtu anaahirisha chuo kwa sababu anaumwa, au hana ada, au ana mimba. Kuahirisha ili uende kazini ambako hata mshahara wa maana hakuna, hilo halikuwa na jina. Nikawaambia Uingereza kuna vyuo ambavyo mwaka wa kazi uko ndani ya kozi yenyewe, unasoma miaka miwili, unatoka mwaka mzima kufanya kazi, unarudi kumalizia, na wanaiita kozi ya sandwichi. Baba mdogo akasema sasa hiyo sandwichi yako nani atainunua. Alikuwa na hoja, maana ukiahirisha, bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) huioni, ofisini walikuwa wananipa elfu kumi kwa siku, humo humo nauli, humo humo wali maharage.

Nilichokuwa najivunia mimi ni renda, ile picha ya kompyuta inayoonyesha chumba kama kimeshajengwa. Mnipe SketchUp, programu ya kuchorea, na usiku mmoja, asubuhi nakuletea sebule ambayo ukiiangalia unataka kuvua viatu, mwanga wa jioni unaingia upande, kuna kikombe mezani kinatoa moshi. Laptop inanguruma kama mashine ya kusaga lakini picha inatoka. Darasani nilikuwa napata alama za juu kwa hilo. Saiti ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa jiko la nyumba moja kule Goba, jiko dogo, kabati zikae kati ya kuta mbili. Nikaenda na tepu, nikapima chini pale usawa wa sakafu, mita 2.40 kamili, nikafurahi, namba nzuri, nikaandika nikarudi zangu. Mara moja. Nilipima mara moja tu, tena kabla lipu haijapigwa.

Mnaoelewa mmeshaanza kucheka.

Kabati zikatengenezwa Keko kwa maseremala, zikapakiwa kwenye kirikuu, tukafika Goba saa tano na jua lile, vijana wakazibeba mpaka jikoni, wakaanza kusukuma. Haziingii. Lipu imekula upande huu sentimita moja na nusu, upande ule karibu mbili, halafu ukuta wa kulia wenyewe umeegemea ndani kidogo kama mzee aliyechoka. Fundi mkuu, mzee mmoja wa Keko ambaye amefanya useremala tangu mimi sijazaliwa, hakusema neno. Akachukua tepu mkononi kwangu, akapima chini, akapima katikati, akapima juu, halafu akapima kona kwa kona. Namba nne, zote tofauti. Akazitaja kwa sauti moja moja kama anaita mahudhurio. Halafu akanirudishia tepu akasema, "Mwanangu, ukuta haujasoma mchoro wako."

Nikazunguka nyuma ya nyumba nikalia pembeni ya lundo la kokoto.

Boksi moja lilibidi likatwe sentimita nne na droo zake zote zirudiwe. Bosi alilipa, hakunikata hela, ila aliniambia niandike zile namba nne kwenye karatasi nibandike mbele ya meza yangu. Zipo mpaka leo, nimeziacha hapo kwa atakayekuja.

Baada ya hapo nikaomba niwe naenda Keko kila Alhamisi. Hamna aliyenituma, nilikuwa namwonea aibu yule mzee na nikaona dawa ya aibu ni kwenda kumwamkia. Shikamoo fundi, marahaba, kaa hapo ushike mbao. Keko kwa asiyepajua ni barabara zenye vitanda nje, makochi nje, vumbi la randa mpaka kwenye chai, na harufu ya vanishi inayokufuata mpaka kwenye daladala. Pale ndio nikajua kwanini kabati la chini la jikoni watu wanalipa kina cha sentimita 60. Ubao wa MDF (ule wa unga wa mbao uliogandishwa) unakuja futi 8 kwa 4, yaani upana wake ni sentimita 122, ukiupasua katikati unapata vipande viwili vya 60 na chenji kidogo inaliwa na msumeno. Mimi darasani nilikuwa nachora 65 kwa sababu ilikaa vizuri kwenye picha. Kwa 65 kila ubao unatoa kipande kimoja na karibu nusu ya ubao inabaki haina kazi. Yaani nimemaliza miaka miwili ya studio sijawahi kuulizwa ubao una ukubwa gani, na mimi mwenyewe sijawahi kuuliza.

Akanifundisha tatu nne tano. Unataka kujua kona imekaa mraba, pima futi 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, halafu pima kutoka ncha hii mpaka ncha ile, ikija 5 kona iko sawa, ikizidi au kupungua kona inakudanganya. Pythagoras yule yule wa kidato cha pili niliyemkariri nikamsahau, kumbe yupo Keko siku zote na ndala miguuni. Na ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani unajazwa maji, mmoja anashika huku, mwingine chumba cha pili, maji yakitulia ncha zote mbili hiyo ndio levo yako, hata kama kuna ukuta katikati. Ofisini tuna kipimo cha leza cha hela nyingi. Mzee anakiangalia kwa heshima halafu anachukua mpira wake.

Sasa mtungi. Mwezi wa sita tulipata mteja Mbezi, mama mmoja na mume wake, wana hela na wana Pinterest. Nikafanya renda ya jiko nyeupe yote, kisiwa (kaunta inayosimama peke yake) katikati, taa tatu zinaning'inia, jiko la gesi limezama kwenye kaunta, aisee hata bosi alisema hapa umetulia. Siku ya kuwasilisha tukamkuta na mama yake mteja kaja kutoka Tanga, bibi wa makamo, kajifunga khanga yake, kakaa pembeni kimya. Mteja anasifia, mume anasifia. Bibi akasogeza miwani, akainamia laptop, akasema, "Pazuri mjukuu wangu. Mtungi wa gesi unakaa wapi?"

Nikafungua mdomo hakikutoka kitu. Sikuwa nimechora mtungi! Nyumba hii ya Dar ambayo kila mtu anajua gesi inakuja na bodaboda kwenye mtungi wa kilo 15, mimi nimechora kama vile gesi inatoka mbinguni. Nikajikaza nikasema tutautafutia sehemu kwenye kabati. Akasema haya. Akakaa kidogo. "Na mbuzi nitaikalia wapi?"

Mbuzi ya kukunia nazi. Kaunta yangu ina urefu wa sentimita 90 na mbuzi inakaa chini, mkunaji anakaa juu yake miguu imetanuka, sinia mbele, sasa katikati ya kisiwa na kabati nilikuwa nimeacha mita moja na kigae cheupe kinachong'aa, akae pale watu wamruke? Mteja akawa anacheka anasema mama siku hizi kuna nazi za pakti. Bibi akamwangalia tu. Yule mteja akaacha kucheka.

Tulirudia mchoro. Mtungi ukatoka nje kabisa, kwenye kijumba cha tofali ukutani chenye matundu chini, na hilo la matundu chini nilielekezwa na bosi, kwa sababu gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, ukiweka tundu juu tu umejidanganya. Kisiwa kikafa. Nyuma tukapanua kibaraza, tukaweka bomba, sakafu ya saruji iliyosuguliwa isiyoteleza, na kivuli cha bati. Picha ya kile kibaraza haina mvuto hata kidogo, nikiituma kwenye kundi la darasa hakuna atakayeweka hata moyo. Ila mwezi wa kumi tulipoenda kukabidhi tukamkuta bibi amekaa pale pale na mbuzi yake, kageukia upande wa upepo.

Na Unguja nisipoisema nitajilaumu. Bosi alikuwa na kazi ya nyumba Mji Mkongwe, tukavuka na boti, nikapewa tepu na kijana wa kushika upande wa pili. Chumba kimoja nikapata upana 2.71, nikarudia 2.64, nikarudia mwisho kule 2.80. Chumba hicho hicho. Moyo ukaanza kwenda mbio kama siku ya Goba, nikamwita bosi, bosi akacheka akasema angalia juu. Juu kuna boriti, miti ya mikoko imepangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti ndio inasema chumba kiwe na upana gani, ndio maana vyumba vya nyumba zile za mawe ni virefu na vyembamba, hakuna chenye upana unaozidi sana mita 3 kwa sababu mti wenyewe hauzidi. Yaani aliyejenga alienda kuuangalia mti kwanza. Mimi nachora ukumbi wa mita 7 halafu ndio nauliza juu tutaweka nini.

Kuna sehemu mtu alikuwa amepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa zamani, imefura yote inabanduka kama ngozi iliyoungua. Mawe yale ya matumbawe na chokaa yanavuta unyevu na kuutoa, ukiyafunga na saruji maji yanakosa pa kutokea, yanasukuma. Chokaa ndio inaelewana nayo. Na vidaka jamani. Vile vishimo vya ukutani vya kuwekea taa na vyombo, nimesimama mbele yake dakika nzima nikifikiria kabati zangu za Goba zinazosukumwa haziingii. Hapa rafu ni ukuta wenyewe, hata ukuta ukipinda nayo inapinda.

Kiukweli naogopa Jumatatu. Niliosoma nao wako mbele yangu mwaka mzima, nitakaa na wadogo zangu, na nimesikia hawa wa sasa wanarenda hatari, video kabisa kamera inapita sebuleni. Renda zangu zimekuwa mbovu, nazichelewesha, nakaa nahesabu mbao. Sijui alama zitakuwaje. Baba mdogo ameshapiga simu kuuliza kama sandwichi imekwisha.

Projekti ya kwanza wametutumia tayari, jiko la familia kwenye nyumba ya vyumba viwili, unachagua nyumba halisi. Leo jioni nikatoka ofisini moja kwa moja mpaka Temeke kwa shangazi, nimevaa hata viatu vya saiti, nikamwambia shangazi naomba nipime jiko lako. Alikuwa chini kwenye mbuzi, nazi ya pili mkononi. Akaniangalia, akaiangalia tepu.

"Hakuna kupima mpaka nimalize. Leta hilo sinia, halafu kamata hiyo nazi nyingine uvunje."