Muscat hadi Sur kwa siku moja: nisingeweza bila Ami

Mara ya kwanza niliwasikiliza waliosema, "Barabara ni moja tu, mtembeza wageni wa nini?" Nikakodi gari siku ya Ijumaa, nikaondoka Muscat saa nne asubuhi. Shimo la Bimmah, lile kubwa lenye bwawa chini yake, nililikuta limejaa familia mpaka ngazini. Wadi Shab, korongo lenye mabwawa, nilifika jua la utosi, nikapanga foleni ya mashua, nikakanyaga mawe kwa ndala hadi ukanda ukakatika. Nikarudi bila kuliona hata bwawa moja la kuogelea. Ushauri ule unaniudhi hadi leo. Barabara ni moja kweli, lakini Ijumaa Oman nzima iko mapumzikoni, na hakuna aliyenikumbusha.

Wiki iliyofuata tukawa watatu, tukachangia riali 30 na kitu kila mmoja, tukampata mzee mwenye gari lake. Kazaliwa Unguja, Kiswahili chake cha Mji Mkongwe hasa. Tukamwita Ami.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, na Bimmah akaipita bila kusimama. "Hilo la jioni, wanangu. Kila mtu huanzia hapo." Wadi Shab tukavuka na mashua ya mwanzo, riali moja kwenda na kurudi, korongo likiwa bado kivulini. Vaa raba usizozionea huruma, na fulana ndefu ya kuogelea. Kule watu wanajisitiri.

Ukitembea kama dakika 45 ndipo unaingia majini, bwawa hadi bwawa, mpaka kwenye mwamba wenye ufa ambao juu ya maji unatosha kichwa tu. Hapo wengi hugeuka. Ami alikuwa ametufundisha mapema, akionyesha kwa viganja vyake: "Usiingie kwa kifua. Lala chali, tazama juu, masikio yazame, jivute kwa mikono taratibu." Nikalala chali. Mwamba ukapita pande zote mbili za mashavu yangu, kelele zote zikazimika, nikabaki na pumzi yangu mwenyewe. Kisha ufa ukafunguka kuwa pango, mwanga ukishuka kutoka juu na maporomoko ya maji yakimwagika mbele yangu. Nilipiga kigelegele, mwangwi ukanijibu.

Magofu ya Qalhat, mji wa kale, tuliyaona kwa mbali tu, kaburi la Bibi Maryam likiwa limesimama peke yake juu ya bahari. Sur ndiko tulikokaa. Fatah al Khair, jahazi lililoundwa hapo mwaka 1951, limepandishwa nchi kavu. Ami aliweka kiganja ubavuni mwa jahazi, akatueleza jinsi wazee wa mji huu walivyoshuka na kaskazi hadi Unguja, wakingoja kusi iwarudishe. Babu yake alikuwa mmoja wao. Hakuharakisha, nasi hatukumharakisha.

Bimmah tulifika jua likishuka. Palikuwa na watu wanne. Tukatumbukiza miguu kwenye maji ya kijani, vidagaa vikaja kutudonoa vidole, na Ami akafungua chupa yake ya chai.